Maji ya Kiwiko

Tarehe 3, mwezi wa pili

Kwako Thelathini na Saba,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Najua umeshtuka. Miaka mitatu sijakuandikia hata mstari, na nilisema sitaandika, na mimi nikisema nimesema, unanijua. Kwa hiyo hii usiihesabu kuwa barua. Ihesabu kuwa karatasi ya dawa tu.

Dereva wa lori la mbao alipita hapa juzi nimbandikie soli. Akaniambia, "Mzee, binti yako nimemwona anatoka kule kwenye dobi ya hoteli, anatembea kama anakanyaga misumari." Nikamwuliza, anachechemea mguu upi? Akasema yote. Nikamwuliza, anatua kisigino kwanza au vidole? Akacheka, akasema, mzee, mimi naangalia barabara, siangalii visigino vya watu. Ndiyo maana soli zake zinalika upande mmoja, mtu haangalii anavyokanyaga.

Sasa sikiliza. Mimi miguu naijua. Miaka arobaini na minne nimekaa na miguu ya watu mapajani. Daktari anauona mguu ukiwa umeshalala kitandani, mimi nauona ukiwa hai unatembea. Nipe kiatu tu, mwenye kiatu asiwepo, nitakuambia ana sugu wapi na ana haraka ya kwenda wapi. Shule yangu ni maboksi ya viatu, kusoma nimejifunzia hapo, lakini hakuna msomi hapa mtaani ambaye hajavua soksi mbele yangu akauliza, Fundi, hiki ni nini?

Wewe unashinda umesimama kwenye sakafu ya maji, ndani ya mabuti ya mpira. Basi una magaga, na kama una magaga na mabuti una fangasi pia. Chukua karai, tia maji ya uvuguvugu yafike kwenye kifundo. Usijaribu kwa kidole, kidole cha mfuaji kimezoea moto. Jaribu kwa kiwiko, kama mama yako alivyokuwa akijaribu maji ya kukuogesha. Chumvi ya mawe konzi moja, konzi yako, siyo yangu. Robo saa, basi, mguu siyo maharage. Sugua kisigino kwa jiwe, pole pole, halafu kausha katikati ya vidole. Hapo ndipo watu wote wanapoharibu, wanapangusa juu juu kama wanapangusa meza. Paka mafuta, vaa soksi, lala. Kama katikati ya vidole panawasha na ngozi imekuwa nyeupe kama karatasi iliyolowa, siku hiyo acha chumvi, tia siki, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya maji. Miguu ikinuka jasho, chemsha majani ya chai mpaka yawe meusi tii, yapoe, loweka. Ikivimba tu kwa kusimama, maji baridi, halafu lala uiegemeze ukutani.

Na neno la mwisho, hili ulishike kuliko yote. Ukiwa na kidonda, hata cha sindano, usiloweke. Ngozi iliyopasuka ni mlango, na maji hayabishi hodi.

Simu usinipigie, masikio yangu nyundo imeyala. Ukitaka kujibu, mpe dereva. Usipotaka, usijibu, mimi sikuuliza kitu.

Mimi mzima.

Fundi
Namba ya kiatu Arobaini na Moja, miguu yote miwili sawasawa. Watu wengi mmoja unazidi.


Tarehe 20, mwezi wa pili

Baba yangu, shikamoo.

Nimeisoma karatasi yako ya dawa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Nimemsomea na mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja, akasema, "Kumbe una baba?" Nikamwambia ninaye, na ana mdomo.

Nimefanya kama ulivyosema, baba. Nimeloweka. Nilitumia lile karai la mama, la bati, lenye kiraka, nililoondoka nalo siku ile ya matanga. Chumvi konzi yangu, maji kwa kiwiko, robo saa. Siku ya nne magaga yameanza kufunga, na leo natembea kama mtu. Msimamizi wetu ameniuliza, umefanya nini wewe? Nikamwambia baba yangu ni fundi wa miguu.

Sikutegemea utaniandikia tena. Nilipoambiwa kuna barua nilidhani ni msiba. Yale ya mama, baba, siyasemi hapa. Nataka tu ujue kwamba hakuna siku nimetia sahihi kitu chochote, hata daftari la kuingilia kazini, bila kukumbuka ile karatasi ya hospitali. Wewe ulikuwa umesema wasimkate. Mimi nikasema wakate. Basi.

Niandikie tena. Hata kama ni dawa tu.

Binti yako,
Thelathini na Saba


Tarehe 6, mwezi wa tatu

Kwako Thelathini na Saba,

Si nilikwambia! Siku nne. Ningeandika tatu ungesema najisifu, nikaona ninyamaze. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya meza ya kazi, upande wa dawa tu, upande wa pili nimeugeuzia ukutani, mambo ya nyumbani hayasomwi na wateja.

Sasa hapa pangu pamekuwa kliniki. Mama Mkaa wa ng'ambo, yule Arobaini na Mbili, mwanamke mwenye mguu kama jahazi la mizigo, amekuja na kucha iliyoota ndani. Nikamlowekea chumvi, nikamchomekea pamba chini ya kucha, akaondoka anacheka. Mlinzi wa benki kaja na malengelenge. Mwalimu kaja na jasho, nikamwambia chai, akasema ya maziwa? Nikamwambia ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha darasa.

Na mimi mwenyewe nimeanza kuloweka. Si kwamba naumwa. Nilitaka tu kuona hiyo dawa yangu kwa nini inasifiwa hivyo. Mguu wa kulia ulikuwa na ganzi kidogo, kama mtu aliyevaa soksi wakati hajavaa, sasa una mwaka hivi, uzee tu. Nikasema kama chumvi imemtoa binti yangu kwenye kuchechemea, itashindwa kuitoa ganzi?

Nikueleze kichekesho. Unajua ninavyofanya kazi, misumari midogo ya soli naishika mdomoni, natema mmoja, nagongomea mmoja. Juzi nikahesabu mdomoni mmoja haupo. Nikadhani nimeumeza, nikanywa maji. Siku ya pili navua soksi, naukuta msumari umelala kwenye unyayo, umezama mpaka kichwani, nimetembea nao sokoni nimerudi nao, na wala sikusikia! Mama Mkaa alishika kichwa. Nikamwambia, wewe ungelia mpaka mtaa wa tatu, huu ni mguu wa fundi, umekuwa kama ule mguu wa chuma ninaogongea viatu.

Nikautoa kwa koleo. Tundu dogo, hata damu haikutoka ya maana. Naloweka asubuhi na jioni.

Na mimi kiwiko sikihitaji, mikono yangu gundi imeikausha. Natia mguu moja kwa moja, birika limetoka jikoni sasa hivi, na sishtuki. Ngozi ya juu inatoka yenyewe, laini, kama bitana ya kiatu kilicholowa. Uchafu wa miaka unatoka huo.

Mimi mzima.

Fundi
Arobaini na Moja


Tarehe 25, mwezi wa tatu

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka nilipofika kwenye msumari. Baba, mtu hatembei na msumari siku mbili.

Kuna muuguzi ambaye nguo zake za kazi huja hapa kwetu kufuliwa. Nilimngoja mlangoni, nikamsomea ule mstari wa ganzi na ule wa birika. Hakucheka hata kidogo. Aliniuliza una umri gani, unakunywa maji mengi, unakwenda chooni mara ngapi, macho yanakuwaje jioni. Sikujua kumjibu hata moja, nikaona aibu, mtoto gani huyo. Akasema, "Mwambie akapime sukari. Leo, siyo kesho. Na aache kuloweka, mguu usiosikia moto haulowekwi. Anajipika."

Nimeandika kama alivyosema, sikupunguza.

Ganzi ya mama ilianza hivyo hivyo, baba, mguu wa soksi. Na wewe ndiye uliyeniambia ngozi iliyopasuka ni mlango. Tundu hilo si mlango?

Najua ulisema nisiuone tena mlango wako. Siku ile ya matanga ulisema mbele ya watu, na mimi niliondoka. Sijaja kwa sababu ulisema. Lakini ukisema neno lingine, hata nusu neno, napanda lori siku hiyo hiyo nikupeleke kupima. Kuchomwa kidole tu, tone moja.

Binti yako,
Thelathini na Saba


Tarehe 14, mwezi wa nne

Kwako,

Mwambie huyo muuguzi wako mimi sijipiki, mimi siyo ndizi.

Nakunywa maji kwa sababu kuna joto. Naenda chooni kwa sababu nakunywa maji. Hiyo ni hesabu, siyo ugonjwa.

Kuchomwa kidole tu, unasema. Mama yako aliingia kule kuchomwa kidole tu. Wakamchoma kidole cha mkono, wakaona cha mguu. Wakakata kidole. Wakasema kisigino. Wakasema goti, na kwa goti wakaikosa sahihi yangu, wakakuita wewe. Ukatia. Nilimpeleka ana viatu viwili nilivyomshonea mwenyewe, namba thelathini na nane, nikarudishiwa mfuko. Unajua viatu vile nilivifanya nini? Kimoja alizikwa nacho. Cha pili kiko hapa, kwenye rafu, na kila asubuhi nakipiga rangi. Sasa niambie nipande ngazi zile zile za hospitali.

Tundu limefunguka kidogo, ndiyo. Upana wa kifungo cha shati. Lakini haliumi. Kitu kisichouma ni kitu kinachopona, hata mtoto anajua. Nimeongeza siki. Nimeongeza na muda, saa nzima sasa. Na kila nikitaka kuacha nautazama ukuta, nasoma: "Siku ya nne magaga yameanza kufunga." Ni wewe uliandika au ni jini? Wewe si umepona? Kama dawa imekuponya wewe, uliye damu yangu, itaniachaje mimi?

Mguu ni wangu. Nitaingia nao kaburini, wote, na kiatu kwa kila mmoja.

Fundi


Tarehe 2, mwezi wa tano

Mwanangu,

Hunijui kwa barua, lakini ukiwa mdogo nilikuwa nakupa makaa ya kuchorea ukutani, na baba yako akanifokea mimi badala yako. Ni mimi Mama Mkaa. Dereva kanipa bahasha, nikasema leo naandika, akasirike apasuke.

Baba yako mguu umeharibika. Wiki ya pili sasa wateja wanaacha viatu kwenye benchi la nje, hawaingii. Yeye anasema ni harufu ya gundi mpya. Mimi nauza mkaa miaka ishirini, pua yangu imejaa vumbi jeusi, lakini hiyo harufu naijua na siyo gundi. Kidole gumba kimekuwa cheusi kama bidhaa yangu. Nimemwambia, Fundi, mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia, na mwenye mdomo mrefu je? Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akaniambia dawa ndiyo hii, akaonyesha karai.

Anakaa humo ndani na karai, mguu umo ndani kuanzia asubuhi. Anachemsha, anatia, anachemsha. Mkaa wenyewe nauza mimi, nikaacha kumuuzia, akaenda kununua kona ya pili, anaburuta mguu. Juzi nimemkuta anaongea na ukuta. Alikuwa anasoma barua yako kwa sauti.

Anakuamini wewe kuliko daktari. Njoo wewe, au umwandikie neno la kumtoa.

Mama Mkaa
(huyo anayeniita Arobaini na Mbili, na siyo kweli, ni arobaini na moja na nusu)


Tarehe 11, mwezi wa tano

Baba,

Naandika nimekaa kwenye kizingiti chako, karatasi nimeiweka juu ya begi. Nimefika asubuhi. Nimebisha mpaka mkono umevimba. Mama Mkaa anasema umo ndani, na mimi najua umo, nimesikia maji.

Baba, sikuloweka.

Hata siku moja. Chumbani kwetu tuko wanne, bomba linafungwa kabla hatujatoka kazini, kila mtu ana ndoo moja ya kuogea na kupikia. Karai la mama sina, sijui walilichukua akina shangazi au lilipotelea wapi, niliandika tu kwa sababu nilitaka ufurahi. Magaga yangu yako vile vile, leo yametoa damu kwenye soksi. Ilikuwa barua yako ya kwanza tangu tumzike mama. Ungeniandikia kwamba nile sabuni ningekujibu nimekula na ni tamu.

Ule mstari wa ukutani ni uongo. Ubandue.

Mama Mkaa alitaka kumwita seremala avunje komeo. Nimemkataza. Mara ya kwanza nilipita juu ya kichwa chako nikasema wakate, na mpaka leo sijui nilimwokoa mama siku tisa au nilimwongezea siku tisa za mateso. Sitaki tena kukufungua kwa nguvu. Fungua mwenyewe. Nafanyaje, baba, niambie nafanyaje?

Lori linaondoka saa tisa. Nisiporudi leo, kesho nafasi yangu ina mtu mwingine. Nitakaa hapa mpaka dereva apige honi.

Barua hii nakupitishia chini ya mlango. Nimesukuma. Kama ulikuwa unaisikia inaingia, basi ujue ni mimi.

Binti yako


Tarehe 20, mwezi wa sita

Mwanangu,

Nilikatazwa kuandika, nimenyamaza wiki tano, na leo nimeachiliwa.

Siku ile lori lako lilipokata kona, komeo likalia. Baba yako akatoka. Ameshika ukuta, barua iko mfukoni. Akasema, "Niitie mtu mwenye mkokoteni." Mimi nikasema, sasa hivi nimkimbize binti? Akasema ukimwita narudi ndani.

Walimkata siku ya tatu, juu ya goti. Wa kulia. Amerudi nyumbani tangu wiki jana. Nilizoea kutukanwa kila asubuhi, mwanangu, sasa naamka mtaa umekuwa kimya kama umefiwa. Viatu vya watu vimejaa kwenye benchi, hagusi. Nampelekea chakula, anakitazama mpaka kinaota ngozi.

Amesema usije mpaka aandike mwenyewe. Ndiyo maneno yake, mimi naleta tu.

Mama Mkaa


Tarehe 24, mwezi wa sita

Baba,

Nije?

Thelathini na Saba


Tarehe 23, mwezi wa saba

Kwako mwanangu Thelathini na Saba,

Barua yako ya neno moja imekaa hapa mwezi mzima. Kila siku nachukua kalamu, naiweka. Safari hii siandiki kwamba mimi mzima.

Nianze na siku ile. Nilikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kazi, mguu umo ndani ya maji, na mlango uko hatua nne. Nilizihesabu. Nilikusikia, masikio haya yasiyosikia simu yalikusikia. Ulivyobisha, mara tatu, halafu mara mbili, ulikuwa unabisha hivyo hivyo ukitoka shule. Nikasema moyoni, akibisha tena nafungua. Ukabisha tena. Sikufungua. Niliona haya, mwanangu. Mtu aliyekaa na miguu ya watu miaka arobaini na minne, nikufungulie na harufu ile? Kisha barua ikaingia chini ya mlango. Niliiona inasukumwa, inasimama, inasukumwa. Nikaona na ncha za vidole vyako.

Sasa sikiliza, na usome pole pole, maana hili sitaliandika mara ya pili.

Karai la mama yako halijatoka humu ndani hata siku moja. Kiraka kile nilikipiga mimi. Uliponiandikia mwezi wa pili kwamba umelowekea humo, lilikuwa hapa, chini ya meza, limejaa vipande vya ngozi. Nilijua siku hiyo hiyo. Nilijua hujaloweka kitu. Nikamwaga vile vipande vya ngozi, nikaliosha, nikaibandika barua ukutani.

Kwa hiyo usiseme ni uongo wako. Uongo haudanganyi mtu anayeujua. Mimi nilitaka mwandiko wako uwe ukutani, na nilitaka mtu wa kumwambia nimepona, na zaidi ya yote nilitaka kitu chochote kiwe dawa ili nisipande zile ngazi. Ungeniandikia kweli, ningetafuta uongo kwa mwingine. Nilijua kwamba kidonda hakilowekwi. Si mimi niliyekuandikia? Kila mtu niliyemlowekea hapa nilimkagua kwanza kama ana kidonda. Kila mtu.

Kule hospitali daktari ni kijana, kiatu chake kinambana upande wa kidole kidogo, nilimwona anavyosimama. Akasema sukari imekaa humu miaka, mzee. Akaleta karatasi. Akauliza, una mtoto wa kutia sahihi? Nikamwambia ninaye, lakini karatasi hiyo ameshatia moja, hatatia nyingine. Nikatia mwenyewe. Jina likatoka kama limeandikwa na kuku, na mimi hati yangu wanaisifu. Lakini nilitia mwenyewe. Usibebe mbili.

Na ile ya kwanza nayo. Nimeijua baada ya kukatwa. Walikuwa wamechelewa kumkata mama yako, hawakuwahi. Na aliyewachelewesha alikuwa nani? Wiki tatu alinililia nimpeleke. Nilimlowekea. Humo humo, mwanangu, kwenye karai hilo. Hayo sijapata kumwambia mtu. Wewe ulitia sahihi ukafukuzwa, na mimi niliyestahili kufukuzwa nikabaki na nyumba.

Nilidhani nikikwisha kuandika hayo nitapata usingizi. Tuone.

Karai nimempa dereva akuletee pamoja na barua hii. Limeoshwa kwa maji ya moto na sabuni, Mama Mkaa amesugua mpaka kiraka kimeng'aa. Magaga yako yametoa damu, basi usiloweke kwanza. Ngoja ngozi ifunge, paka mafuta tu, vaa soksi kavu, badilisha mchana. Ikifunga, ndipo uloweke. Maji jaribu kwa kiwiko. Halafu ukitaka kuniandikia, niandikie kama imesaidia au haikusaidia.

Viatu kwenye benchi bado vipo. Mlinzi wa benki kaja kuchukua vyake vikiwa vibovu vile vile, hakunilaumu, akanipa pole. Nilitamani anitukane. Jana nilijilazimisha, nikachukua kiatu kimoja, nikakivalisha kwenye mguu wa chuma, nikashika nyundo. Nikauangalia ule mguu wa chuma. Nikaweka nyundo chini.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijamwambia Mama Mkaa wala yule daktari. Nilichukua msharasi, ule mwembamba wa kutobolea ngozi, nikajigusa nao unyayo wa kushoto. Nikakandamiza. Nikatazama pembeni, nikakandamiza tena, ili macho yasinidanganye.

Nilipoangalia, kulikuwa na damu.

Sikusikia kitu.

Mlango hauna komeo tena, nimemwambia seremala aling'oe. Njoo.

Baba yako
Arobaini na Moja, wa kushoto